Kundi la wateja linalozungumza lenyewe

Fungua kundi la wateja la kampuni yoyote, rudi nyuma posti 30, kisha hesabu ngapi zimeandikwa na kampuni yenyewe. Zikifika 25, hilo ni ubao wa matangazo ambao watu wamesahau kujitoa. Jumuiya ya chapa huanza pale mteja anapomjibu mteja mwenzake, na kazi nzima ya msimamizi ni kufanya jambo hilo moja litokee mara nyingi.

Mwaka 2001 watafiti wawili wa masoko, Albert Muniz na Thomas O'Guinn, walitaja dalili tatu za jumuiya ya namna hii: watu kujiona wa moja, kuwa na mila na desturi zao za pamoja, na kuhisi wajibu wa kusaidiana. Punguzo la bei halimo. Lakini kampuni nyingi huanzia hapo hapo kwenye punguzo, kisha zinashangaa kupata kundi la wawindaji wa ofa, wanaoingia siku ya kuponi na kuzima sauti siku inayofuata.

Kwa hiyo cha kwanza kuamua ni mada, na mada isiwe bidhaa yako. Chukua kampuni inayouza cherehani. Hakuna mtu atakayezungumzia cherehani mwaka mzima. Kushona, hapo maneno hayaishi: uzi unaokatika kila baada ya dakika mbili, kitambaa kinachoteleza, mkono wa gauni uliokataa kukaa begani, mteja aliyenenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuchukua nguo. Harley-Davidson ilipoanzisha klabu ya wamiliki wa pikipiki zake mwaka 1983, miaka miwili baada ya mameneja wake kuinunua kutoka AMF, kampuni iliyokuwa ikiimiliki, kilichowakutanisha wanachama kilikuwa safari za pamoja barabarani. Jaribio rahisi: andika maswali 50 ambayo watu wa fani yako wangeweza kuulizana bila kutaja jina la bidhaa. Ukikwama kwenye la 15, mada ni nyembamba, ipanue kabla hujaalika mtu.

Ukishapata mada, usifungue mlango kwa wote. Anza na watu 30 hadi 50 uliowachagua mmoja mmoja. Wako tayari kwenye kumbukumbu za huduma kwa wateja: yule anayeuliza maswali ya ndani, yule aliyetuma picha ya kazi yake bila kuombwa, na yule mlalamikaji aliyeeleza tatizo hatua kwa hatua na bado akaendelea kununua. Huyu wa tatu usimwache, maana anaijua bidhaa yako kuliko baadhi ya wafanyakazi wako. Mwandikie kila mmoja ujumbe wake na umwambie kwa nini umemchagua yeye. Mwaliko wa jumla uliotumwa kwa wateja 5,000 utakuletea watu wengi wasiojuana, kila mmoja akisubiri mwingine aanze. Xiaomi ilianza na watumiaji 100 wa kujaribu MIUI, programu yake ya kuendeshea simu, mwaka 2010, kabla haijauza hata simu moja.

Weka mada 10 hadi 15 zenye nyama kabla hao wa kwanza hawajaingia, na chunga sana namna ya kuuliza. "Mnaionaje bidhaa yetu mpya?" huzaa "nzuri sana" nne, kisha kimya. Linganisha na hili: "Tupia picha ya upande wa chini wa mshono wako wa mwisho. Uliokosewa ndio tunaoutaka." La pili linajibika kwa dakika moja, halimtishi anayejifunza, na kila picha inavuta swali jingine. Mbona uzi umelegea hapa? Bobini umeijaza vipi?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayejiunga asalimiwe kwa jina ndani ya saa 24, tena kwa kugusa jambo alilolitaja mwenyewe. Kabla wiki haijaisha apewe kazi ndogo: apige kura kati ya rangi mbili, amjibu mgeni mwenzake, au aeleze chombo kimoja asichoweza kufanya kazi bila hicho. Ambaye hajaandika chochote katika wiki mbili za kwanza mara nyingi haandiki tena.

Hata hivyo usiumie na kimya cha wengi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliieleza mwaka 2006 kanuni ya 90-9-1: kwa makadirio, asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na 1 hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Katika kundi la watu 200, hao ni wawili. Wajue kwa majina, jua siku wanazokuwa na nafasi, na mmoja akipotea siku kumi mtafute faraghani umjulie hali. Huko ndiko kwa kupeleka nguvu, kuliko kuwasukuma 180 wanaofaidi kwa kusoma.

Sasa kosa linaloua makundi mengi, na linafanywa na wafanyakazi wenye bidii: kujibu haraka mno. Mwanachama anaandika, "Mshono unaruka nikishona kitambaa cha kuvutika. Nimebadili sindano, bado." Mfanyakazi anajibu baada ya dakika tatu kwamba atumie sindano ya ncha ya mviringo, namba 75/11. Jibu ni sahihi na mada imekufa. Angesubiri saa nne au tano, mmoja angeuliza hiyo sindano mpya ni ya aina gani, mwingine angeleta picha ya kitambaa chake, wa tatu angesema kwamba yeye alipunguza mgandamizo wa mguu wa cherehani. Hapo watu watatu wana sababu ya kurudi kesho kuona ilikuwaje. Ikipita nusu siku bila jibu, mtaje mtu anayelijua jambo hilo: "Wewe hushona nguo za mazoezi, ulilitatuaje?" Kampuni ijibu papo hapo kwenye mambo ya usalama, pesa, au ushauri wa hatari tu. Mtu akishauri cherehani ifunguliwe ikiwa kwenye umeme, usisubiri dakika.

Malalamiko yana utaratibu wake. Usifute. Ukifuta, picha ya skrini itasambaa na safari hii utakayesemwa ni wewe, wala si cherehani. Kiri mbele ya wote kwamba umeona, namba za oda na simu zishughulikie faraghani, kisha rudi hadharani useme liliishaje. Hatua hii ya tatu ndiyo husahaulika, na wasomaji wa kimya hubaki wakiamini mwenzao aliachwa kwenye mataa. Kinachofutwa ni matusi, utapeli na taarifa binafsi za watu, na sheria hizo ziwe mistari mitano au sita iliyobandikwa juu.

Kuhusu zawadi: pointi kwa kila posti ni sumu. Ndani ya wiki moja kundi litajaa "safi" na "asante kwa elimu". Tuza kitu kinachomgharimu mtu fikra, na tuza kwa heshima zaidi ya pesa, kama vile kuona bidhaa kabla ya wengine, kuzungumza moja kwa moja na mbunifu, au jina kwenye maelekezo. Pesa ikiingia, masharti yawe wazi kama ya LEGO Ideas, jukwaa ambalo mashabiki wa LEGO hupendekeza bidhaa mpya: wazo likipata kura 10,000 linaingia kwenye mapitio, na likitengenezwa mwenye wazo analipwa asilimia 1 ya mauzo halisi. Ukiomba maoni, tangaza tarehe ya kujibu na ujibu hata kama ni hapana, pamoja na sababu. Watu huvumilia kukataliwa mara kadhaa. Kupuuzwa, mara mbili inatosha.

Kuchagua jukwaa kusikuchukulie muda mwingi. Kundi la WhatsApp linapokea hadi watu 1,024, lakini namba za simu huonekana kwa wote na jibu zuri la leo litazikwa kufikia kesho kutwa. Telegram inafika 200,000. Kwenye jukwaa lako mwenyewe majibu ya zamani ni rahisi kutafuta, ila watu lazima wakumbuke kulifungua. Popote utakapokuwa, tunza orodha ya barua pepe za wanachama kwa ridhaa yao, maana nyumba ya kupanga mwenye nyumba anaweza kuifunga.

Na masoko yenyewe? Faida kubwa ni lugha. Mteja hasemi "teknolojia ya kudhibiti mvutano", anasema "haikati uzi". Kusanya maneno hayo kila wiki uyatumie kwenye matangazo. Picha ya mwanachama iombee ruhusa ya maandishi, ukitaja itatumika wapi na kwa muda gani. Anayepewa bidhaa bure aseme hivyo anapoisifu. Nchi nyingi zinalazimisha, Marekani ikiwa mojawapo. Posti za kuuza zisizidi moja kati ya kumi, tena ziwe na siku yake ili asiyetaka azipite.

Vipimo vitatu vinatosha kwa mwanzo: sehemu ya posti zinazoandikwa na wanachama (lenga nusu kufikia mwezi wa tatu), muda hadi jibu la kwanza la mwanachama, na wangapi kati ya waliojiunga mwezi uliopita wameandika tena mwezi huu. Idadi ya wanachama ifiche kabisa kwenye ripoti kama unaweza, kwa sababu bosi akiiona ataitaka iongezeke. Na usiripoti kwamba wanachama hununua zaidi ya wasio wanachama. Waliojiunga walikuwa wapenzi wa chapa tangu mwanzo. Linganisha mtu yule yule, manunuzi ya miezi sita kabla ya kujiunga na sita baada.

Tenga mtu mmoja, saa mbili kila siku, kwa miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo akiugua wiki moja na kundi likanyamaza, bado linamtegemea yeye. Rudi kwa wale wawili wanaobeba mzigo, uwape ufunguo wa usimamizi na zamu zao. Wakikataa wote, kundi ni bora lifungwe kwa adabu: taarifa ya siku 30, majibu mazuri yahifadhiwe panapotafutika, na waliochangia sana waandikiwe kila mmoja ujumbe wake.