Kopitiam kwa mnywaji wa kahawa chungu: kuagiza, na kupika kaya (jamu ya nazi na mayai ya kupaka mkate) hapa Unguja

Mtu wa barazani, aliyezoea kahawa ya dele kwenye kikombe kisicho na mkono, akifika Penang au Singapore akasema "kopi" tu, huletewa kikombe kizito cha kauri chenye maziwa mazito matamu yaliyotuama chini. Mhudumu hakukosea. Kopitiam (duka la kahawa: kopi ni kahawa kwa Kimalay, tiam ni duka kwa Kihokkien, lahaja ya Kichina) ina lugha yake ya kuagizia. Kopi peke yake ni ya maziwa matamu ya kopo. Kopi-o ni nyeusi yenye sukari. Kopi-c ina maziwa ya kopo yasiyo matamu, sukari hutiwa mbali. Kosong ni bila sukari, kwa hiyo anayetaka kahawa chungu aseme kopi-o kosong. Peng ni ya barafu, siew dai sukari kidogo, gau nzito.

Kabla ya kuagiza chakula, tazama nembo ya halali: JAKIM kwa Malaysia, MUIS kwa Singapore. Kopitiam nyingi za Wachina huuza nguruwe, na vyombo huwa vya pamoja.

Ladha ile inatoka kwenye ukaangaji. Buni, zaidi robusta, hukaangwa pamoja na sukari na majarini. Sukari inaungua, inaivaa punje, ndiyo maana kahawa hutoka nyeusi ti na yenye harufu ya moshi. Usijaribu nyumbani: sukari hunata kwenye kikaango na kupita kiasi kwa dakika moja tu. Chukua robusta ya Bukoba iliyokaangwa sana, isagwe nene kuliko ya dele. Vijiko 4 vikubwa kwa nusu lita ya maji yaliyotoka kuchemka, dakika 5, kisha chuja kwa mfuko wa kitambaa, uimimine tena mara mbili. Mfuko mpya uchemshe kwanza, na kamwe usiuoshe kwa sabuni, maana kitambaa hushika harufu.

Kaya ndiyo inayostahili jasho lako, na mkono wa Kizanzibari unaiweza kwa sababu kazi yote ni tui. Kuna nazi, mayai na sukari, basi. Tayarisha mililita 200 za kasimile, isichanganywe na tui la pili. Tui jepesi halitashika hata ukoroge mpaka magharibi. Mayai 4 na sukari gramu 150 vipige taratibu mpaka sukari iyeyuke, bila kufanya povu, tia kasimile, chuja. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka kidogo kidogo, chini ya bakuli pasiguse maji. Koroga kwa mwiko dakika 30 hadi 40, ukikwangua pembeni, kwani ndiko yai linakoganda kwanza.

Ukiona mabonge, moto ulizidi: toa bakuli upesi, likalishe kwenye maji baridi, kisha pitisha kaya kwenye chujio. Mafuta yakielea, tui limekatika, na kukoroga hakutalirudisha lilivyokuwa. Epua kaya ikiwa bado laini kidogo, mradi inashika mgongo wa mwiko, kwa sababu huzidi kuwa nzito ikipoa.

Kule hutia jani la pandani, jamaa ya mkadi wetu, lakini ua la mkadi halishiki nafasi yake jikoni. Tia hiliki 3 zilizopondwa. Harufu itakuwa ya kwetu, nami naiona njema. Kaya ya kahawia, ya mtindo wa Wahainan (Wachina wa kisiwa cha Hainan), hupata rangi kwa sukari iliyounguzwa pembeni: vijiko 2 vikubwa vinatosha.

Mkate wa slesi choma juu ya makaa mpaka ukauke. Paka kaya, kisha weka kipande cha siagi baridi, usikipake. Siagi laini huuloweka mkate na kuua ule mkutano wa baridi na moto kinywani.

Mayai ya kuchovyea: chemsha lita 1 ya maji, epua, tia mayai 2 yasiyotoka kwenye friji, funika dakika 6 au 7. Mayai ya baridi, au maji machache, hutoka na ute mbichi. Yavunjie kwenye kisahani, tia matone ya soya sosi na pilipili manga nyeupe, chovya mkate kabla kiini hakijaganda.