Nilivyofunga Bodi ya Kichwa cha Treni cha Mfano kwenye Chasisi ya Kampuni Nyingine

Mgeni mmoja aliyekuwa akihama Moshi kurudi kwao aliniuzia kwa bei ya kutupa boksi la treni za mfano, na humo nilikuta bodi ya plastiki ya kichwa cha dizeli aina ya SD40-2 isiyo na chochote chini yake, pamoja na chasisi yenye mota nzima lakini isiyo na bodi. Vyote viwili ni vya uwiano wa HO, yaani moja kwa 87, na vyote viliigwa kutoka kichwa kilekile ambacho kampuni ya EMD ya Marekani ilianza kukitoa mwaka 1972. Tatizo ni kwamba vilitoka kwa watengenezaji tofauti, na kila mtengenezaji hupanga matundu, vishikio na uzito wa ndani kwa namna yake, hivyo bodi ilipowekwa juu ya chasisi ilikaa upande kama kofia ya kuazima.

Niseme mapema kwamba sikuwa natengeneza treni yetu. Reli inayofika hapa kutoka Tanga, na kuendelea Arusha tangu mwaka 1929, ina upana wa mita moja, ilhali reli ya HO yenye milimita 16.5 inawakilisha upana wa milimita 1,435, ambao kwetu umekuja na SGR. Anayetaka kuiga treni ya Moshi kwa uwiano huu anahitaji reli ya milimita 12, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Nilianza na vipimo viwili ambavyo havina mjadala, nikaacha vingine vyote visubiri. Cha kwanza ni umbali kati ya vitovu vya bogi mbili, yaani zile fremu zinazobeba magurudumu sita-sita, kwa sababu umbali huo ukipishana na bodi, ngazi za pembeni na tangi la mafuta havitakaa mahali pake hata ukate plastiki kiasi gani. Chasisi ilinipa takriban milimita 152, ambazo ndizo unazopata ukigawa mita 13.26 za kichwa halisi kwa 87, nami nikajua kazi inawezekana. Cha pili ni kimo cha kiungio, yaani kile kinachokishika kichwa na behewa pamoja. NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano kilichoanzishwa mwaka 1935, kinataka kitovu cha kiungio cha HO kiwe takriban milimita 9.9 juu ya uso wa reli, na kikipungua au kuzidi, mabehewa yataachana kwenye kila kiungo cha reli kisicho sawa. Kwa hiyo sikupima kutoka paa kushuka chini, jambo ambalo macho hulipenda. Nilipima kutoka relini kwenda juu.

Hapo nililazimika kuamua viungio vifungwe wapi, maana bodi ilikuwa na mifuko yake ya viungio kwenye pua zote mbili, na chasisi nayo ilikuwa na ndimi za chuma zilizotokeza mbele na nyuma kwa kazi hiyohiyo. Mifuko ya plastiki ilipendeza zaidi kwa kuitazama, lakini niliikata, kwa sababu kiungio kikifungwa kwenye bodi, uzito wote wa mabehewa huvuta plastiki, na siku treni ikikwama bodi itang'oka na kuiacha chasisi ikikimbia uchi.

Sehemu iliyokula muda mwingi ilikuwa upana. Zamani baadhi ya watengenezaji walipanua ubavu wa bodi kuliko uwiano ulivyotaka ili mota zao nene zienee, na chasisi yangu ilikuwa ya mtindo huo, wakati bodi ilikuwa nyembamba kwa kipimo sahihi. Vyuma vya uzito vilivyozunguka mota viligusa kuta za ndani na kuzifanya zitune. Kuta za plastiki hazikuwa na unene wa kupunguzwa, kwa hiyo ilibidi chuma ndicho kipungue. Niling'oa mota, mihimili na gia zote kwanza, kwa kuwa vumbi la tupa likiingia kwenye mota na gia ni vigumu kulitoa, kisha nikafunga vyuma vile kwenye jiliwa nikiwa nimevizungushia kitambaa. Ni mchanganyiko wa zinki na alumini, laini kiasi kwamba meno ya tupa huziba baada ya mikwaruzo michache. Dawa yake ni kusugua tupa kwa chaki, kitu ambacho mwalimu hakikosi mfukoni. Nilipunguza kidogo-kidogo, karibu milimita moja kila upande, nikijaribu bodi mara kwa mara, hadi ikashuka yenyewe bila kusukumwa. Kisha nikaosha vyote kwa maji na sabuni ya unga, nikavianika na kurudisha gia na grisi mpya.

Bodi iliposhuka, ilishuka kupita kiasi: ukingo wa juu wa tundu la puani ulikilalia kiungio. Ilihitaji kuinuliwa kama milimita moja na nusu. Kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa milimita 0.76, kipimo ambacho ni kimoja duniani kote, na kadi mbili zilizogandishwa kwa supaglu zinatoa karibu kabisa kile nilichotaka. Nilikata vipande vinne, nikavibandika juu ya kingo za chasisi.

Kufunga sasa. Vishikio vya bodi havikuwa na pa kunasia, nikaviondoa na badala yake nikagandisha ndani ya bodi vijiti vinne vya plastiki ili skrubu zipite kutoka chini. Skrubu ndogo za milimita 2 nilizitoa kwenye laptopu iliyokufa, lakini keekee ya kutoboa tundu dogo hivyo sikuipata madukani, nikaenda kwa mzee mmoja fundi saa karibu na stendi. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akaigeuza bodi mikononi huku lenzi ikiwa jichoni.

“Mwalimu, ukikaza chuma kwenye plastiki tupu, mara ya tatu uzi umeliwa,” alisema. “Toboa milimita moja na nusu, pasha skrubu moto kidogo, iingize taratibu ijikatie njia. Ikishapoa, ni yako.”

Nilifanya hivyo, na nimeshafungua na kufunga mara nyingi bila uzi kulegea.

Jambo moja la umeme lisipuuzwe na mwenye chasisi ya zamani. Katika chasisi hizi chuma chenyewe hubeba umeme wa reli moja, na kiungio cha chuma kikifungwa moja kwa moja juu yake kinakuwa na umeme pia. Kichwa kimoja hakitakuletea shida, ila ukiunganisha viwili vya aina hiyo, kimoja kikiwa kimegeuka, utakuwa umepiga shoti kati ya reli mbili. Niliweka kipande cha kadi chini ya kila kisanduku cha kiungio na kutumia skrubu za nailoni, nikahakikisha kwa mita ya kupimia umeme kwamba hakuna mguso.

Kwenye kona ya nusu kipenyo cha milimita 457, ambayo huja na seti nyingi za kuanzia, bogi ya mbele iligusa ngazi kwa ndani. Nilizikwangua kidogo kwa kisu, lakini kwa vichwa vyenye ekseli sita napendelea kona ya milimita 559, hata kama itamaanisha meza kubwa zaidi sebuleni na maelezo marefu kwa mama watoto.

Kwa volti 12 kinavuta vizuri na hakitoi mlio wa kusuguana. Vyuma vya kushikia pembeni mwa kibaraza vilikuja vimevunjika, na hivyo navikunja upya kwa uzi wa gitaa wa takriban milimita 0.38, ambao kwa uwiano huu unakaribia sana unene wa bomba halisi na haupindi ukiguswa.