Usiku mmoja kwenye korona

Nilishuka Muheza, Tanga, saa tisa alasiri, nikanunua machungwa mawili ya kumenya, nikaanza kupatana bei na bodaboda. Nilipomtajia niendako, na kwamba nakwenda kupiga picha usiku, alinitazama upya. "Kwenye korona ya zamani? Usiku?" Akaongeza buku mbili.

Korona ni jumba la kusindika mkonge, jina lililotokana na mashine iliyokuwa ikiponda majani na kuacha singa. Njia nzima ni mkonge, ingawa kwingine vichaka vimeshaumeza. Wote huu chimbuko lake ni miche 62 tu iliyofika hai mwaka 1893, aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida. Kamba za plastiki zilipoteka soko, mashamba mengi yakafa, na majumba kama hili wakaachiwa popo.

Kabla ya kufungua begi nilipiga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hili usilifanyie mzaha: huku kwetu pwani, mgeni anayezunguka gofu na tochi usiku ataitwa mumiani kabla hajaulizwa jina. Mwenyekiti akanipa mzee mmoja anisindikize, aliyewahi kufanya kazi mle ndani.

Mwezi ulikuwa mchanga, ukazama mapema. Nikaweka kamera kwenye stendi: wepesi wa kunasa mwanga ISO 400, tundu la lenzi f/8, na shata, kile kilango cha kuingizia mwanga, wazi dakika mbili. Mtindo huu ni kama kupaka rangi. Giza ndio ukuta, tochi ndio brashi. Picha ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa kumulika nikiwa nyuma ya kamera, ukuta ukatoka bapa kama picha ya pasipoti. Mwanga unatakiwa utoke ubavuni, uparaze ukuta, ili kila tofali na kila ufa utupe kivuli chake. Tena usituame. Ukiwa na nguo nyeusi na miguu inatembea, kamera haikuoni. Tochi yangu nayo ilitoa weupe wa wodini, nikaivisha karatasi ya pipi ya njano, na kutu ya mabati ikarudi kuwa kutu.

Mzee alikuwa amekaa pembeni akijipiga mbu. Mara akasema, "Mwanangu, unamaliza betri bure. Mashine haikuwa huko."

Nikampa tochi, nikafungua shata.

Alikwenda polepole. Akamulika msingi wa zege wenye nondo nne zilizokatwa, akapandisha mwanga hadi kwenye tundu la ukutani ulimopita mkanda wa mashine, akashuka na mfereji wa maji mpaka mlangoni. Sikumwelekeza hata neno. Kisha akarudi kwenye msingi, akasimama akimulika ukuta mbele yake, akaanza kunieleza siku mkanda ulipokatika, jinsi walivyoruka kila mtu upande wake. Nilinogewa, nikasahau kumwambia atembee.

Kwenye kioo cha kamera jumba lilitoka zima, kama taa zimewashwa kwa zamu ya usiku. Na pale kwenye msingi amesimama mtu nusunusu, matofali yakionekana kupitia mgongoni mwake. Nikasita kumwonyesha, maana watu wengine hawapendi kujiona hivyo. Yeye akaivuta kamera karibu na uso, akaitazama muda mrefu.

"Hapo hapo ndipo nilipokuwa nasimama," akasema. "Ila tulikuwa na kofia."