Vishimo kwenye nyayo
Leo nimevua viatu mlangoni kwa shangazi, nikaingia, nikakaa mkekani na wenzangu. Lakini arobaini ya babu, kabla sijatibiwa miguu, niliisikiliza nikiwa uani, nimeegemea mpapai. Shangazi alitoka mara mbili: "Mwanangu, ingia ukae." Nikamjibu nasubiri simu ya kazini. Hakukuwa na simu. Niliogopa harufu ya miguu yangu.

Mimi ni mlinzi wa usiku. Zamu ni ya muda wa saa 12 ndani ya buti na soksi za nailoni, na wakati wa masika buti hazikauki kabla ya zamu inayofuata. Kazini kila mtu alisema ni fangasi. Nikapaka dawa ya fangasi, tyubu baada ya tyubu, miezi minne.

Tabibu wa zahanati aliushika mguu wangu kwa mikono yake, hakugeuza uso. Hilo sitalisahau. "Kaka, hebu tazama." Kisiginoni na chini ya vidole, ngozi ilikuwa nyeupe, imetobokatoboka vishimo vidogo. Ugonjwa huo unaitwa keratolisisi ya vishimo, na unaletwa na bakteria. Huzaliana kwenye ngozi nene ya unyayo inapolowa jasho, hutoa vimeng'enya vinavyoila tabaka la juu, na ile harufu ni ya kemikali zenye salfa. "Siyo uchafu," akasema. Nilikuwa naoga mara tatu kwa siku nikijilaumu.

Alinipa erithromaisini, dawa ya kupambana na bakteria, ya kupaka asubuhi na jioni. Akanionya pia kwamba mguu ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, nikapata na homa, nisingoje kesho, maana hapo bakteria wameingia ndani zaidi ya ngozi.

Dawa ilifanya kazi ndani ya wiki 3, lakini ukavu ndio ninaoupigania kila siku. Nanawa kwa sabuni, nakausha mpaka katikati ya vidole. Soksi sasa ni za pamba, na saa 6 usiku nabadilisha. Nimenunua buti nyingine za mtumba; hizi zikivaliwa, zile zinaanikwa. Kandambili zangu simwazimi mtu.

Lindoni kuna kijana mgeni. Hata akipumzika havui buti, na hukaa mbali na sisi. Kesho zamu ikiisha nitaanza mimi, nimwonyeshe nyayo zangu.