Kionjo cha sehemu ijayo na daftari la picha zisizotokea

Kati ya mwaka 2012 na 2014 nilikuwa mkalimani wa chumba cha michezo ya video katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo (wasomaji wa mbali wasidhani nazungumzia nchi). Malipo yangu yalikuwa kiti cha mbele, bure. Chumba chenyewe kilikuwa na kompyuta moja ya mkononi iliyounganishwa na televisheni kubwa, mabenchi mawili, na feni iliyozunguka pale umeme ulipokubali. Mchana kutwa watoto walicheza mpira kwenye skrini. Jumapili jioni mwenye chumba aliufunga mpira na kufungua hadithi, na hadithi hizo zilizungumza Kiingereza, lugha ambayo mimi peke yangu pale ndani nilikuwa nimeisoma kidogo.

Tulianza na The Walking Dead ya studio ya Telltale Games ya California. Msimu wake wa kwanza ulikuwa na sehemu tano, zilizotoka moja baada ya nyingine kuanzia Aprili hadi Novemba 2012. Zilitufikia kwa flashi, kwa kuchelewa, na mara nyingine sehemu ya tatu ilitangulia ya pili, tukalazimika kuiweka kando bila kuigusa, jambo lililohitaji nidhamu kubwa kuliko mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari.

Katika mchezo huo mchezaji hupewa majibu manne na muda mfupi wa kuchagua, huku mstari mdogo ukipungua chini ya skrini. Nilikuwa nikisoma jibu la kwanza kwa sauti, nalitafsiri, benchi la nyuma linabishana, nalisoma la pili, na kabla sijafika la tatu mstari umekwisha. Waandishi wa mchezo walikuwa wamekufikiria kunyamaza pia kuwa ni jibu. Kwa hiyo Lee Everett wetu, yule mwalimu wa historia wa Georgia aliyehukumiwa kwa mauaji, akawa mtu mkimya kupita kiasi, si kwa kuwa tulimtaka hivyo bali kwa kuwa mkalimani wake alikuwa mzito wa ulimi. Wahusika wengine walimkasirikia. Sisi tulimtetea.

Mwishoni mwa kila sehemu kilikuja kionjo cha sehemu ijayo, na hapo kazi yangu ilivunjika kabisa. Kionjo hukatwa kwa kasi: nusu ya sentensi, uso unaogeuka, mlango unaofungwa, mlio wa bunduki, giza. Hakuna nafasi ya kutafsiri. Vijana waliniuliza, “Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), anasema nini?” nami nilikuwa bado kwenye sentensi ya kwanza wakati skrini imekwisha kuwa nyeusi. Kwa hiyo chumba kizima kilitazama kionjo kama picha bila maneno, kisha kikabaki na majuma kadhaa ya kujaza maneno hayo chenyewe. Kijana mmoja wa miaka 13 hivi, mpole, asiyecheza bali kutazama tu, alikuwa na daftari la hesabu ambalo kwenye kurasa zake za nyuma aliandika kila picha ya kionjo kwa namba: 1, mtu anakimbia, 2, mlango, 3, mkono wenye damu, wa nani? Sehemu mpya ilipofika aliweka alama ya vema kando ya kila picha iliyotimia.

Daftari hilo ndilo lililonifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jambo la kwanza ni mkondo mkuu wa hadithi, yaani ule uzi unaotoka sehemu ya kwanza hadi ya mwisho na kuzifanya zote ziwe kisa kimoja. La pili ni kionjo, ambacho ni tangazo tu lililoshonwa kwenye pindo la sehemu. Mkondo wenye nguvu hauhitaji kionjo, na kionjo kizuri hakiwezi kuuokoa mkondo dhaifu.

Chukua gari la sehemu ya pili. (Mchezo huu umepita miaka kumi, kwa hiyo sitaomba radhi kwa kufichua.) Kundi la Lee linatoka kwenye shamba la ng'ombe lenye watu waovu, lina njaa, na msituni linakuta gari limeachwa taa zikiwaka, limejaa chakula. Mchezaji anaweza kuchukua au kukataa. Hata akikataa, wenzake wanachukua. Tulibishana usiku ule hadi mwenye chumba akatufukuza. Wengine walisema chakula kisicho na mwenyewe si wizi. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe, akaeleweshwa kisa kwa ufupi, alisema jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria: taa zinawaka, basi mwenyewe yuko karibu. Alikuwa sahihi. Mwishoni mwa sehemu ya tatu sauti ya mwanamume inasikika kwenye redio ya mkono ya Clementine, yule mtoto wa miaka minane ambaye Lee anamlea, na katika sehemu ya tano mwenye sauti anaketi mbele ya Lee na kumsomea makosa yake moja baada ya jingine. Ndiye mwenye gari. Hasara ile iliivunja familia yake.

Huo ndio mkondo. Umepandwa mapema mahali ambapo mchezaji anadhani ni mwisho tu wa tukio, ukaachwa utulie, kisha ukavunwa baada ya sehemu tatu. Hakuna kionjo kilichotushika kama sauti ile ya redio, kwa sababu sauti ile ilikuwa ndani ya hadithi yenyewe, na tuliisikia pamoja na Lee, kwa mshtuko uleule.

Kuna kipande cha tatu, nacho ni muhtasari wa yaliyopita unaofungua kila sehemu. Huo ulijengwa kwa maamuzi ya mchezaji mwenyewe: aliyemwokoa mhusika fulani alionyeshwa ya mhusika huyo. Tuliuthamini siku tulipoupoteza. Kompyuta ya chumba ilishikwa na virusi, fundi akafuta kila kitu, na faili lililohifadhi maamuzi yetu likaenda na mengine. Tulipofungua sehemu iliyofuata, mchezo, kwa kukosa kumbukumbu, ulibahatisha maamuzi na kuendelea. Muhtasari ulipoanza tukamwona Doug. Sisi tulikuwa tumemwokoa Carley, kwa kura, kwenye sehemu ya kwanza. Doug tulimwacha afe, na walikuwepo waliohuzunika. Sasa Doug yuko hai anatutazama, na Carley hata kutajwa hatajwi. Benchi la nyuma lilisimama. Mwenye chumba alilaumiwa kana kwamba yeye ndiye aliyemuua. Tulirudi mwanzo, Jumapili mbili mfululizo, tukamfufua Carley, na sijasikia mtu yeyote akilalamika kwamba tulipoteza muda.

Halafu ikaja The Wolf Among Us, na kinyongo changu juu yake bado kipo. Ni hadithi ya Bigby Wolf, mkuu wa usalama wa watu waliotoka kwenye ngano za kale na kujificha New York ya mwaka 1986. Sehemu ya kwanza ilitoka Oktoba 2013 na inaishia kwa kichwa kinachoonekana kuwa cha Snow White, mwenzake wa kazi, kilichowekwa kwenye ngazi za jengo. Baada ya mwisho kama huo, ungetosha ukimya. Badala yake kikaja kionjo kirefu chenye picha nyingi, na kijana wetu wa daftari akajaza ukurasa mzima. Sehemu ya pili ilichelewa hadi Februari 2014. Tulipoipata hatimaye, alikaa na kalamu mkononi, na mwisho wa sehemu alama za vema zilikuwa chache mno. Picha kadhaa za kile kionjo hazikuonekana katika sehemu ya pili, na nyingine hazikuonekana popote hadi msimu ulipofungwa Julai.

Sikulielewa jambo hilo wakati ule. Sasa nalielewa bila kulisamehe. Kionjo hutengenezwa sehemu inayofuata ingali jikoni. Faida ambayo studio za aina hii hujivunia ni kwamba zinaweza kusikiliza wachezaji kati ya sehemu na sehemu, zikaandika upya, zikamwongezea nafasi mhusika aliyependwa. Lakini anayetaka uhuru wa kubadilisha mawazo asionyeshe picha za mawazo ya kwanza. Hadithi inayouzwa huku bado inaandikwa inaweza kuahidi swali: nani amefanya hivi? Haina haki ya kuahidi jibu, wala mlango fulani, wala mkono fulani wenye damu. Swali litabaki la kweli hata mwandishi akibadilisha kila kitu nyuma yake.

Wapo wanaoona dawa ni kurudi kwenye visa vinavyojifunga. Telltale yenyewe ilikwenda hivyo kwenye Sam & Max, msimu wa sehemu sita wa kati ya Oktoba 2006 na Aprili 2007: mbwa na sungura wapelelezi wanamaliza kesi moja kila sehemu, huku uzi mwembamba wa watu kutiwa usingizi wa kiini macho ukipita chini kwa chini hadi sehemu ya mwisho. Wazee wetu hapa waliozoea kulitazama kundi la maigizo la Mufwankolo wanaujua utamu huo, wa sura zilezile na kisa cha leo kinachoisha leo. Unaweza kukosa juma moja usipotee. Napenda mtindo huo, lakini sikumbuki mtu aliyekosa usingizi kwa ajili yake.

Kwa maoni yangu waliolitatua tatizo hili vizuri zaidi ni Wafaransa wa Dontnod, kwenye Life is Strange ya mwaka 2015. Sehemu tano zinafuata siku za juma moja la shule, na dakika za mwanzo kabisa zinamwonyesha Max Caulfield, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, kimbunga kitakachoufikia mji wa Arcadia Bay. Kionjo cha mwisho wa hadithi kimewekwa mwanzoni mwa hadithi. Kuanzia hapo kila sehemu inapunguza siku, na mchezaji hahitaji kuonyeshwa picha za kesho kwa sababu anaihesabu kesho mwenyewe.

Mpangilio wa kusubiri miezi umepungua. Septemba 2018 Telltale iliwaachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote katikati ya msimu wa mwisho wa The Walking Dead. Sehemu ya pili ilitoka siku chache baadaye, ikielekea sehemu ya tatu ambayo waliotakiwa kuiunda walikuwa wamekwisha kukusanya vitu vyao mezani. Kampuni ya Skybound Games ndiyo iliyoumaliza msimu huo mwaka 2019. Baadhi ya waliowahi kufanya kazi Telltale walirudi mwaka 2025 na Dispatch, sehemu nane, mbili kila juma, zote zikiisha ndani ya mwezi mmoja. Nadhani hicho ndicho kipimo chenye busara: hadithi yote imekwisha kuandikwa, na mwanya uliobaki unatosha tu kwa watu kubishana.

Kile chumba cha Kenya siku hizi kinauza vipuri vya pikipiki. Kijana wa daftari ni mtu mzima, anafanya kazi Kolwezi, na Kiingereza chake kimeshapita changu. Mwendelezo wa The Wolf Among Us ulitangazwa mwaka 2017, ukafa pamoja na studio, ukatangazwa tena mwaka 2019 chini ya wamiliki wapya, na Februari 2022 ukaonyeshwa kwa kionjo. Hadi ninapoandika haya haujatoka. Siku ile kionjo kilipotoka, yule kijana wa daftari alinitumia ujumbe wa simu usiku, bila salamu. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari, mistari yenye namba kutoka juu hadi chini, na nafasi ya alama za vema ameiacha tupu pembeni, ameipigia mstari kwa rula.