Dada wa Miaka 81

Juma lililopita binti yangu alirudi kutoka shuleni, akautua mkoba wake juu ya meza ya kulia ambako amekatazwa kuutua, akaniambia kwamba mwenziwe wa dawati moja hakufika darasani kwa sababu dada yake amelazwa hospitalini. Nilimuuliza huyo dada ana umri gani, kwa ile tabia yetu wazazi ya kutaka kujua ugonjwa wa watoto wa wenzetu kabla haujabisha hodi kwetu. Akanijibu bila kupepesa jicho kwamba ana miaka 81, kisha akafungua friji kutafuta cha kula. Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi, kwa kuwa kwa karibu miaka 40 sikuwa nimelisikia neno hilo likitamkwa kwa maana hiyo, na ghafla nilijiona niko tena kwenye ngazi za jengo letu la Ngara, Nairobi, mtoto wa miaka 9, nikikimbia kupeleka habari ambayo hakuna aliyenituma kuipeleka.

Kina Kiran walihamia ghorofa ya pili mwezi wa Aprili mwaka 1985. Nyumbani kwao walizungumza Kigujarati, sisi kwetu Kiswahili cha Mombasa ambacho Mama hakukubali kukilegeza hata kwa muuza mboga, na watoto wote wa ile ploti tulikutana katikati, kwenye Kiswahili cha Nairobi ambacho Mama alikiita uharibifu. Kilichotudanganya, nadhani, ni wingi wa maneno tuliyoyakuta tayari tunayo sote. Kiran alikuwa na gari la bati, nasi tulisema gari. Baba yake alikuwa na duka, nasi tulisema duka. Walikula chapati, wakahesabu fedha nyingi kwa laki, na mama yake alipolitaja neno bima Baba alilielewa kabla hajafasiriwa. Hayo ni maneno yaliyosafiri, mengine kwa jahazi na pepo za kaskazi, mengine na mafundi na makarani wa reli iliyofika Nairobi mwaka 1899, na yeyote aliyeyasikia pande zote mbili hakuwa na sababu ya kuyashuku. Tukazoea kwamba neno likisikika sawa, basi ni lilelile.

Dalili zilikuwepo, ila hatukuwa na akili ya kuzisoma. Kiran alikuwa na kaka mwenye mvi, aliyekuja kila Jumapili kutoka dukani kwake Biashara Street akiwa na mfuko wa njugu, nasi tuliamua tu kwamba watu wengine hujaliwa kuzaa kwa muda mrefu. Hata jina la Idi Amin Dada, ambalo watu wazima walikuwa bado wakilitaja kwa sauti ya chini, lilituchekesha kwa sababu ya huyo dada aliyening'inia mwishoni, na hatukujiuliza kama pengine halikuwa neno letu. Mama yake Kiran tulimwita Mama Jyoti, kwa jina la kifungua mimba wake, kama ilivyo ada ya Nairobi. Jyoti alikuwa na miaka 16, na ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwenye ule uwanja wa nyuma kwa kunisukuma na kuniachilia bila kuniambia.

Ilikuwa likizo ya Agosti, siku ya baridi yenye mawingu mazito yasiyonyesha. Siku mbili kabla, usiku, Jyoti alikuwa amepelekwa kwa daktari akitetemeka kwa malaria, na ploti nzima ilikuwa imechungulia dirishani kuliona gari likiondoka. Alirudishwa kesho yake jioni, lakini hilo hatukulijua. Nilimkuta Kiran ameketi ngazini peke yake, akibandua rangi ya ukutani kwa ukucha, na nilipomwita tukacheze gololi alisema bila kuinua uso, "Dada amekufa. Wamepiga simu."

Sikungoja neno la pili. Mama alikuwa jikoni akichagua mchele kwenye ungo, nami nikamwambia kwamba Jyoti amekufa. Ninaomba msomaji aone kwamba Kiran hakulitaja jina hilo, nililitia mimi. Mama alisoma "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akautua ungo, akauliza amekufa kwa nini. Nikajibu kwamba ni malaria, kwa sauti ya mtu aliyeuliza na akaambiwa.

Ndani ya nusu saa walikuwa wamekusanyika wanawake sita. Mama alijitanda kanga kichwani, akachukua bakuli la mbaazi na mahamri ya asubuhi, maana nyumba ya msiba haiwashi moto. Ilikuwa mbaazi, wala si pilau ya nyama, kwa sababu tu mwezi ulikuwa ukingoni, na bahati hiyo tuliijua baadaye, tulipoambiwa kwamba majirani zetu hawali nyama kabisa. Mama Wanjiru wa chini alibeba thamosi ya chai. Mama Akinyi hakubeba kitu, kwa kuwa alikuwa amekuja na sauti yake, na tulipofika kwenye kona ya ngazi aliipaza. Nimesikia vilio vingi tangu siku ile, lakini sijapata kusikia kingine kilichopanda ngazi mbele ya mliaji namna hiyo. Alimtaja Jyoti kwa vitu alivyovifanya: aliyenibebea maji mfereji ulipokauka, aliyeandika barua ya mtoto wangu, aliyecheka na kila mtu. Mama, ambaye kwao Mombasa walimfundisha kwamba maiti haliliwi kwa kelele, alikuwa amekaza midomo, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Mimi nilikuwa mbele yake, mkono wake ukiwa begani mwangu, nikijiona mtu muhimu kwa kuwa ndiye niliyeleta habari.

Ulisikika mlio wa komeo. Harufu ya ubani ilitangulia kutoka, kisha mlango ukafunguka, na aliyesimama kizingitini alikuwa Jyoti.

Alikuwa amevaa nyeupe tupu, kuanzia suruali pana hadi kanzu, na mtandio mweupe umemfunika kichwa na kuuzunguka uso uliokuwa bado na rangi ya homa. Sasa ninajua kwamba Wahindu wengi huvaa nyeupe wanapofiwa. Siku ile, mbele ya watu waliopanda ngazi kumlilia, na mbele ya mama yangu ambaye tangu utotoni aliijua nyeupe ya namna hiyo kuwa nguo ya mwisho ya mtu, hakukuwa na tafsiri nyingine ya upesi. Kilio cha Mama Akinyi kilikatika katikati ya neno, kama redio iliyochomolewa waya. Nyuma yangu mtu alianza kushuka ngazi kinyumenyume. Kucha za Mama ziliingia begani mwangu, na alama zake nne zilikaa hadi Ijumaa. Wala hakuna aliyesema kitu. Nilisikia mfereji ukidondoka ndani ya nyumba ile, tone, kimya, tone, na nakumbuka nikiwaza kwamba marehemu alisahau kuufunga.

Jyoti alitutazama mmoja mmoja. Aliuona uso wa Mama uliolowa, bakuli, thamosi, na mdomo wa Mama Akinyi uliobaki wazi. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu. Akauliza polepole, "Mmejuaje?" na kabla hajajibiwa akakiweka kichwa chake begani kwa Mama.

Mama alisimama kama mti. Kisha mkono wake ulianza kutembea: ukagusa mgongo, ukapanda shingoni, ukaingia chini ya mtandio hadi nyuma ya sikio, ukaja shavuni, ukakaa hapo. Alipohakikisha kwamba anachokigusa kina joto, alitoa sauti ambayo sikuijua kuwa anayo. Mama Akinyi, aliyeelewa sehemu tu ya mambo, akalipokea lile neno alilolikata na kuendelea nalo. Mama Jyoti akatoka ndani mbio, naye pia kavaa nyeupe, akamkuta jirani yake Mswahili amemkumbatia binti yake akilia kuliko wafiwa wenyewe, naye aliyekuwa amejizuia tangu asubuhi akashindwa kujizuia. Katikati ya machozi akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota, "Dada alikuwa mtu mzuri sana. Miaka yake 79. Alikuwa anataka kurudi Nairobi, lakini safari kutoka Kisumu ni mbali kwa mzee."

Hapo ndipo Mama aliponitazama juu ya bega la Jyoti. Lile jicho ninalo hadi leo.

Ya baadaye yalikwenda haraka. Wanaume walikuwa wamekwisha ondoka kwenda Kisumu kwa mazishi ya babu yao, ambaye sisi tulikuwa hatujui hata kwamba yupo. Wanawake wetu waliketi hadi magharibi, chai ikanywewa, mbaazi zikaliwa. Mimi nilichapwa, si kwa kusema uongo, bali kwa lile neno malaria.

Usiku, jikoni kwetu, Mama Wanjiru alicheka hadi akaung'ata ukingo wa kanga yake. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonipeleka miaka mingi baadaye kusoma isimu, ingawa kwenye fomu ya chuo niliandika sababu yenye heshima zaidi. Alisema kwamba kwao Murang'a, kwa Kikuyu, mama ni mjomba. Alikuwa ameishi Nairobi miaka mingi akiitwa Mama Wanjiru na huku akimwita ndugu wa kiume wa mama yake kwa neno hilohilo, na halikumsumbua hata siku moja. Mama Akinyi akasema kwamba kwao, kwa Kijaluo, bibi ni dani, ambaye yuko karibu zaidi na dada wa kina Kiran kuliko dada wetu. Juma lililofuata nilimhoji Kiran kwa makini ya mtu aliyechapwa, akaniambia kwamba kaka ni ndugu ya baba, kwamba dada ni baba wa baba, na kwamba mama ni yule bwana mwenye masharubu kutoka Thika. Kumbe kila tulipomwita mama yake Mama Jyoti, masikioni mwao tulikuwa tukimtaja mjomba wake Jyoti.

Mjomba kwa Kikuyu, mjomba kwa Kigujarati: mama na mama. Lugha moja ni ya Kibantu na nyingine ni ya ukoo wa Kihindi-Kiulaya. Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma kwamba mwanaanthropolojia George Peter Murdock alikusanya majina 1,072 ya mama na baba kutoka lugha za dunia nzima, na kwamba mwanaisimu Roman Jakobson aliyachukua majina hayo akaeleza chanzo cha kufanana kwao. Midomo ya kichanga huanza na sauti zilizo rahisi, m, b, d, n, pamoja na a, na mara nyingi huzirudia mara mbili. Ile m hutokea puani mtoto akiwa bado ana ziwa mdomoni. Mtoto hasemi neno lolote. Ni watu wazima wanaoinama juu yake, kila mmoja akijihesabu kuwa ndiye aliyeitwa, na lugha huandika kile walichokubaliana. Kwa Kijojia mama ni baba, na mama mzazi huitwa deda, kwa hiyo kichanga cha Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, kikisema mama, mwanamume ndiye anayegeuka. Dada ni babu kwa Kihindi na Kigujarati, kaka kwa Kibengali, na kwa Kiyoruba ni mtoto aliyezaliwa na nywele zilizosokotana. Maelezo hayo yaliniridhisha sana darasani. Jicho la Mama hayakuliondoa.

Maana kilichobaki si neno, ni yale machozi. Jyoti anaishi Leicester, Uingereza, tangu aolewe, na kila Agosti huniandikia kwamba hajasahau jinsi mama yangu alivyomlilia babu yake, kuliko hata jamaa wengine waliokuja na magari. Mama alipofariki mwaka 2009 Jyoti alinipigia simu akalirudia, akasema kwamba siku ile ndipo familia yao ilipojiona imefika nyumbani. Nilikuwa na nafasi ya kumweleza kwamba aliyeliliwa ni yeye. Nilisema asante.

Niliwahi kumuuliza Mama, akiwa bado na nguvu zake, kwa nini hakuwaambia ukweli palepale mlangoni. Alinijibu kwamba alikwenda na kilio cha mtu mmoja akakiacha kwa mwingine, na akaniuliza kama nilitaka arudi nacho nyumbani. Nimelipima jibu hilo mara nyingi. Kuna siku naliona ni adabu ya hali ya juu, na kuna siku naliona ni ujanja wa mtu aliyekuwa amechoka na asiyetaka kunifedhehesha mbele ya watu.

Binti yangu alikuwa amekwisha pata mkate na alitaka kujua aandike nini kwenye kadi ya pole. Nilimwambia kwamba kabla ya kumpa mtu yeyote pole, aulize kwanza kama huyo dada ana ndevu. Akasema anazo, nyeupe, amemwona getini mara nyingi, na kwamba vitunguu vyangu vinaungua.