Kaye ya franka elfu moja

Leo tumerudi tena toka kwenye mabiro mikono mitupu. Nimechoka kabisa, lakini nisipoandika usiku huu kesho ntasahau.

Mimi ni wa rekope, kundi la wakaaji wanaolinda watoto, ya kartie (mtaa) yetu hapa Kadutu, Bukavu, Kongo, kazi ya kujitolea tu, na kijana ninayemsindikiza anaishi kwa mama mmoja aliyempokea angali mdogo, hakumzaa yeye. Akili yake ilichelewa, maneno yanatoka polepole, na kifafa nayo inamrudiliaga. Mwezi ujao anatimiza 18. Kwa sheria ya watoto ya 2009 basi si mtoto tena, kwa hiyo biro ya watoto wanatuambia nendeni ya wakubwa, ya wakubwa wanataka dosie, faili lake. Sheria ya watu wenye ulemavu iko, ya tarehe 3 Mei 2022, niliisoma nikafurahi peke yangu kama mjinga, sasa fika nayo gishe, kwenye dirisha la biro.

"Mama, wewe ndiye mzazi?"

Biro tatu, swali lilelile, halafu alitembea lini, anakunywa dawa gani, na Mama anajibu anachanganya miaka, yule bwana anaandika "haijulikani". Haijulikani! Huyu mama anamwangalia tu machoni anajua kifafa iko njiani.

Jioni nikanunua kaye, daftari. Umeme hakuna, tochi ya simu, Mama anasema mi naandika: dawa, siku alizoanguka, chakula anachokataa, nani anamtuliza akipandisha hasira. Nikafungua ukurasa wa vitu asivyoweza, nikaweka kufua. Kijana alikuwa ameinama pale kwenye kiti, nikadhani amelala.

"Yaya," akaniita, ndivyo huku tunaita mkubwa wako, "mi nafuaga."

Mama akacheka mpaka akashika tumbo. Kweli anafuaga, soksi tu, lakini zinatakata. Nikakata mstari, tukarudi juu kuanza kumuuliza mwenyewe, moja moja, na tulipomaliza mistari minne ilikuwa imekatwa, yote ya mwandiko wangu. Kuhesabu pesa akasema hapana, hiyo muache. Na mie hizi noti zetu zinanichanganyaga, lakini sikumwambia.

Alhamisi tunarudi. Kaye Mama ameifunga ndani ya sasheti mbili za plastiki, mvua ya Bukavu unaijua, na amesema ataibeba kijana.